Mkia Usioacha Mstari Mchangani

Feza mwanangu,

Barua huanza kwa mtu kusema kwamba yeye ni mzima na anatumaini mwenziwe ni mzima pia. Leo sitaanza hivyo, maana ningeanza kwa uongo. Mimi si mzima. Nimeshtuka tangu jana saa kumi, na sasa ninaandika peke yangu darasani, watoto wamekwisha kwenda kwao.

Mambo ya safari yako ya kesho sitayagusa. Mama yako ameyasema yote, mengine mara mbili: samaki wadogo wale, ndakala, wafungwe kwenye karatasi gani, usisinzie treni ikisimama Kabalo, umsalimu nani ukifika Lubumbashi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la mnyama. Usicheke. Ni la tiranosaria, yule dinosaria wa kale.

Jana nilikuwa narudi nyumbani na kitabu kwapani. Nilipofika nyuma ya jiko nikasikia sauti yako. Ulikuwa umemkalisha mdogo wako Mauwa juu ya kinu kilichopinduliwa, umeshika mti wa ufagio, unajizoeza ualimu unaokwenda kuusomea. Mkono wa pili ulishika kaye yangu, daftari la matayarisho ya masomo, ile uliyoniomba uende nayo. Nikasimama nifurahi kidogo. Baba gani asingesimama?

Ukasoma: "Tiranosaria alisimama wima kama muntu, mukia wake ukikokota chini."

Mauwa akakuuliza wewe dada yake mkubwa, "Yaya Feza, sasa mukia haikumuuma?"

Ukagonga mti chini, ukasema kwa sauti nzito ambayo si yako: "Mutoto anauliza mwalimu? Piga magoti!"

Mauwa akacheka, akapiga magoti kwenye changarawe, mikono juu.

Mlikuwa mnacheza, najua. Lakini sauti ile ni yangu, Feza. Nilisikia koo langu linasema kutoka kinywani mwako. Nilizunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikaketi kitandani na viatu miguuni. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nimeisema methali hiyo kwa wazazi wa wanafunzi mara nyingi sana, kila mara nikidhani ni ya watoto wa watu wengine.

Sasa nikueleze kitabu nilichokuwa nacho kwapani. Kilikuja wiki hii kwa mashua kutoka Moba, ndani ya sanduku la vitabu vya watoto ambavyo misheni ya kule imetugawia. Ni cha Kifaransa, chembamba, chenye picha, cha watoto wa umri wa Mauwa. Kinaeleza mambo ambayo watu huyasema juu ya tiranosaria na ambayo si kweli. Jana, watoto walipotoka, nilikifungua hapa darasani nikitabasamu. Miaka kumi na minne nalifundisha somo hilo darasa la tano. Nilidhani nitakutana na mambo yangu. Nilikutana nayo kweli. Yote yalikuwa upande wa uongo.

Kwanza, hakuna mtu aliyepata kumwona akiwa hai. Alikufa yeye na kizazi chake, ikapita zaidi ya miaka milioni sitini ndipo akatokea mtu wa kwanza. Eh! Na picha yetu ya ukutani, ile iliyobaki tangu wakati wa Wabelgiji, ina watu watatu wenye mikuki miguuni pake! Mimi nimewahesabisha watoto wa Kalemie mikuki ile, mmoja, miwili, mitatu, na aliyekosa hesabu nilimkaripia.

Halafu kuna yule dinosaria mwenye mabamba mgongoni, anayepigana naye kwenye picha yetu. Hawakuonana hata siku moja. Tiranosaria alipozaliwa, yule wa mabamba alikuwa amekwisha toweka zamani, na miaka iliyowatenga wao wawili ni mingi kuliko inayomtenga tiranosaria na mimi na wewe. Nilisoma sentensi hiyo mara nne. Nikasimama nikaifanyia hesabu kwa chaki hapa ubaoni, nikitumaini mwandishi amekosea. Hajakosea.

Vidole vya mkono ni viwili. Mimi nachora vitatu. Mikono ilikuwa mifupi, ndiyo, lakini si mikono ya bure kama nilivyozoea kuwachekesha watoto, ilikuwa na nguvu zake. Jino lake kubwa, pamoja na mzizi, lilifikia urefu wa rula ya mwanafunzi. Hilo nililipatia, nadhani kwa bahati. Rangi nilisema kijani. Kitabu kinasema hakuna ajuaye rangi yake, wala sauti yake, na mimi huwa nanguruma darasani mpaka mwalimu wa chumba cha pili anagonga ukuta.

Na kwao ni wapi? Ningependa usiisome sehemu hii mbele ya wenzako. Mifupa yake imepatikana Amerika ya Kaskazini. Afrika hakuna. Mimi niliwaambia aliishi kwenye uwanda wa Marungu, kule Pepa wanakochunga ng'ombe! Nani aliniambia habari za Pepa? Hakuna mtu. Mwaka mmoja mtoto aliuliza mnyama huyu aliishi wapi, nikaona haya kukaa kimya, nikataja mahali palipo mbali kiasi kwamba hakuna atakayekwenda kutazama. Baadaye nikaandika kwenye kaye, na kilichoandikwa kwenye kaye ya mwalimu hakina njia ya kutoka. Unajua sisi hatuna vitabu. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, mkubwa anampa mdogo wake kaye yake, na yule akiwa mwalimu anaandika ubaoni tena. Hata mimi kaye yangu niliinakili kwa mwalimu wangu, naye kwa wake, mpaka nyuma huko sijui kwa nani. Habari ya Pepa peke yake niliiongeza mimi.

Lakini lililonishtua zaidi si la mifupa. Mahali fulani kitabu kinauliza kama mnyama huyu aliwinda mwenyewe au alikula mizoga, na kinajibu kwamba wataalamu wanabishana, bado hatujajua. Hatujajua! Kitabu kizima, chenye jalada gumu, kilichochapwa Ulaya, kinamwambia mtoto hatujajua, na hakianguki! Miaka kumi na minne sikulitamka neno hilo mbele ya darasa. Kwangu kusema sijui kulikuwa kama kugeuka ubaoni na suruali imepasuka nyuma.

Kisha nikafika ukurasa wa mkia. Hakusimama wima. Alitembea mwili umelala, kichwa mbele, mkia nyuma ukiwa hewani ili asianguke kifudifudi, mwendo wa kuku. Tena huyo kuku, kinasema, ni wa ukoo wake wa karibu kuliko kenge. Na ushahidi mmoja uko kwenye nyayo. Nyayo za wanyama wa jamii yake zimebaki kwenye mawe, na katikati yake hakuna mstari wa mkia uliokokotwa.

Hapo nikakifunga. Ulikuwa umeniambia, Feza. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Siku ile wewe unaikumbuka kwa magoti yako. Nikueleze nilivyoiona mimi kutoka mbele. Inspekta wa shule alikuwa ameketi nyuma kabisa, amevaa suti ya abakosi ya kijivu, daftari mapajani, na cheo changu kilikuwa kwenye kalamu yake. Nilianza na jina la mnyama. Nikasema maana yake ni mjusi mtawala wa mabavu, mfalme. Inspekta akainua macho, na mimi nikalipita upesi neno mabavu, maana unajua nchi hii yetu ya Zaire, kuna maneno ambayo mwalimu hakai nayo sana. Jasho lilikuwa limeanza tayari. Nikaonyesha picha. Nikatoa mfupa mkubwa kabatini, nikasema ni wa dinosaria. Nikasema mkia ulikokota chini. Mkono mmoja ukanyooka, na ulikuwa wako.

"Mwalimu," ulisema, maana darasani hukuniita Papa, tulikuwa tumepatana, "kenge akipita mu muchanga anaachaka mustari wa mukia. Kuku haachake. Hapa iko nyayo za ile nyama. Mustari uko wapi?"

Ukatoa kwenye kaye yako kipande cha karatasi chenye mafuta, ukurasa wa gazeti la Kifaransa ambamo mama mmoja wa sokoni alikufungia karanga. Ilikuwa picha ya jiwe pana lenye nyayo kubwa za vidole vitatu, moja mbele ya nyingine. Uliinyanyua ili kila mtu aione. Hukuwa unashindana nami. Ulikuwa unafurahi, ulidhani umeniletea zawadi.

Inspekta akatabasamu. Mimi nikaliona tabasamu lile, basi, akili ikaniruka.

"Kimya! Mutoto anafundisha mwalimu? Piga magoti!"

Ukapiga magoti karibu na mlango, palipokuwa na changarawe, mikono juu, mpaka kengele. Karatasi nikakunyang'anya. Inspekta akaandika kwamba mwalimu anashika darasa vizuri. Nyumbani Mama yako alikupaka mafuta ya mawese magotini, nami nikala matonge yangu ya bukari nikaona mambo yamekwisha.

Sasa nikuambie usilolijua. Miaka yote hii umedhani sikukuelewa. Nilikuelewa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilishuka peke yangu mpaka ufukweni, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Kenge alikuwa amepita asubuhi. Nyayo huku, nyayo huku, na katikati mstari, kama mtu ameburuta kamba. Hatua chache kutoka hapo kuku wa wavuvi walikuwa wamepita wakitafuta vichwa vya ndakala. Nyayo tupu. Nilichuchumaa nikiziangalia mpaka jua likanichoma shingo. Nilitoa karatasi yako mfukoni, nikaiweka chini kati ya njia ya kenge na njia ya kuku, na hata mjinga angeona ni ya nani. Jumatatu nikaingia darasani nikamalizia somo, nikachora mkia chini. Mwaka uliofuata nikachora tena. Mara nane, Feza! Mkono huu huu, nikijua! Jana kitabu hakikunifundisha habari ya mkia. Kilinikamata tu.

Tangu siku ile hukunyoosha mkono tena darasani mwangu. Nami nikawaambia watu kwamba binti yangu ana adabu. Nilijivunia jambo hilo mbele ya walimu wenzangu, nikasema yule hana maswali mengi, anasikia.

Jana jioni, nilipoweza kusema, nilimfuata Mama yako jikoni. Alikuwa anasonga bukari.

"Mama Feza," nikamwambia, "nilimufundisha mutoto uongo."

Hakugeuka. "Ya mukia ao ya mufupa?"

Nikasogea karibu. "Mufupa gani?"

"Ule wa mu kabati. Ule njo wa kiboko, Papa Feza. Baba yangu alikuwa anauaka viboko pale Lukuga, mifupa yao tulikuwa tunaikalia. Minaujua tangu siku ya kwanza."

"Na haukuniambia? Miaka yote hii?"

Ndipo akageuka, mwiko mkononi, akaniangalia bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Feza alikuambia ya mukia. Niliona magoti yake. Mimi ningepiga ya kwangu wapi?"

Mfupa ule niliuokota mwenyewe ukingoni mwa Lukuga wakati wa kiangazi. Nikaupenda, nikautangaza, na hakuna aliyenizuia. Mke wangu alijua. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuuona, akaniuliza tu kama ni mzito. Huenda nusu ya wavuvi wa mji huu wanajua, watoto wao huwapelekea habari za dinosaria wa Mwalimu, nao hucheka mpaka nyavu zinawaponyoka. Nilikupigisha magoti wewe mmoja, na wote wengine wakajifunza. Hilo ndilo somo langu lililoshika kuliko yote niliyofundisha.

Leo asubuhi nikaamua kusema. Nikaweka mfupa mezani mbele ya darasa la tano, nikasema: huu ni wa kiboko. Nikasema: mnyama yule hakukokota mkia, hakuonana na watu, hakufika Pepa wala Afrika, na rangi yake mimi sijui, wala hakuna anayeijua. Mwalimu wenu alikosea. Nikasema tena: binti yangu Feza alijua akiwa na umri wenu, nami nikamwadhibu kwa kusema kweli. Nikageuka kufuta ubao, kwa sababu machozi yalikuwa yamenizidi. Nilipowageukia tena, wote walikuwa wameinama. Walikuwa wanaandika. Nikapita kati ya madawati, nikasoma kwenye kaye ya kwanza, kwa mwandiko mzuri na mstari chini yake: Mwalimu wenu alikosea.

Nikawaomba waniulize maswali. Walinitazama kama panya wanavyoutazama mtego wenye ndakala. Nikasema leo hakuna adhabu. Wakaficha mikono chini ya madawati! Mwishowe msichana mmoja wa dawati la mbele akainua kidole nusu, hakufika hata usawa wa sikio, akauliza: "Mwalimu, tufute ya zamani?" Nikamwambia asifute, aandike ya sasa pembeni, ili mdogo wake akiirithi kaye aone yote mawili. Hilo ndilo swali moja nililopata darasani leo.

Kaye yangu utakwenda nayo, maana uliiomba, na nimeifanyia hivyo hivyo. Nilitaka kuuchana ukurasa ule. Nilikuwa nimekwisha kuushika kwa pembe. Kisha nikaona nikiuchana, utabaki unamkumbuka baba asiyekosea, na baba wa namna hiyo ndiye aliyekufundisha sauti ile ya jana. Kwa hiyo mkia wangu wa zamani upo, na juu yake kuna wino mwekundu, ule ninaotumia kwa makosa ya wanafunzi. Mkia mpya nimeuchora ukiwa hewani. Haukutoka vizuri, unafanana na mpini wa jembe, lakini hauburuti.

Wala usikipokee kitabu kipya kama Injili. Huko chuoni watakufundisha mengi, na mengine yatakuwa kama mfupa wangu. Hata kitabu hiki, nani ajuaye? Pengine mnyama huyu alikuwa na jambo mwilini ambalo leo ukilisema watakucheka, na siku moja mtoto mwenye karatasi ya karanga atakuja kukuambia mbele ya inspekta. Siku hiyo magoti yako yatakumbuka kabla ya kichwa. Mwache aseme mpaka amalize. Wewe usipojua, sema sijui. Nimelisema leo kwa mara ya kwanza, ulimi ulikuwa mzito sana, na paa la darasa halikutuangukia.

Mauwa nimemjibu saa ya chakula. Nimemwambia mkia haukumuuma, kwa sababu aliubeba. Akaniuliza kama alichoka. Nikamwambia sijui. Akanitazama mdomo wazi, chakula mkononi, halafu akaniuliza maswali mengine sita mfululizo, na mengi kati yake sikuyajua pia.

Ndani ya barua hii utakuta karatasi yako. Haikupotea. Miaka minane ilikaa kabatini chini ya mfupa, na kila nilipoutoa mfupa niliiona, nikaurudisha mfupa juu yake. Mafuta ya karanga yameigeuza rangi, lakini nyayo zinaonekana bado. Ni yako. Niliiiba mbele ya watoto wenzako na mbele ya mgeni, na ninakurudishia nikiwa na haya.

Nisamehe, Feza. Siwezi kulipamba neno hili. Ulikuwa mtoto, ulikuwa na haki, mimi nilijua, na nikakuacha ukue ukidhani macho yako yalikudanganya. Ukiona huwezi kunisamehe kesho, usijilazimishe kwa sababu treni inaondoka. Treni nyingine zitakuja, na barua hupita.

Ninakuomba jambo moja. Kesho pale gare, treni inaposimama, watakuwapo watu wengi, na Mama yako atalia, na wachukuzi watapiga kelele, hatutapata nafasi ya kuongea. Treni ikianza kutembea, usinipungie mkono kama wanavyofanya wote. Unyooshe juu kabisa, usawa ule ule wa siku ile, usiushushe mpaka nikuone. Watu watadhani unaniaga. Mimi nitakuwa nimesimama mbele, na nitakuitikia kwa sauti yangu ya darasani, abiria wote wasikie, jibu nililokunyima miaka minane:

"Ndiyo, Feza. Sema."

Papa yako